Regnar Mkata Kaakaa

Regnar Bundgaard anakaa juu ya kichwa changu, ghorofa ya tatu, na hatua zake nazijua kwa jinsi mbao zinavyolia. Nayaandika haya kwa mkono wangu kwa sababu nimechoka kuyasikia yanavyosemwa kwenye ngazi. Wanasema mzee yule alimharibu mjukuu wake kwa ujuaji. Wanaosema hivyo hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, na ndimi niliyeshika tochi.

Nianze na kazi yake, maana bila kazi yake hamtaelewa kitu. Wako watu mtaani kwetu waliodhani alikuwa muuza nyama, kwa kuwa kila alipoulizwa alijibu, "Nakata," akafunga mdomo. Kukata alikuwa anakata kweli, lakini kaakaa za watu waliokufa, katika chuo cha madaktari wa meno hapahapa mjini Aarhus, tangu alipokuwa kijana mwenye nywele mpaka alipopewa saa ya ukutani akaambiwa akapumzike. Saa yenyewe haijawahi kwenda sawa. Ameitundika jikoni hivyohivyo, na ukimwambia kitu anasema anajua ni saa ngapi bila yake.

Mtu alipokufa kijana, na ndugu zake wakaridhia, chuo kilipewa kipande cha mfupa wa juu ya kinywa. Regnar hakupewa jina. Aliambiwa umri, na kama ni mwanamume au mwanamke, basi. Kipande alikilaza kwenye tindikali, wiki baada ya wiki, mpaka mfupa ukalegea kama jibini. Kisha akakizamisha kwenye nta, akakifunga kwenye mashine yake, akakata vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Aliviacha vielee juu ya maji ya vuguvugu, akavivua kwa kioo, akavipaka rangi nyekundu na buluu. Mkunjo mmoja tu ukionekana, alitupa, akaanza upya. Asta, marehemu mkewe, alikuwa akisema nyumbani hata shuka hawezi kutandika bila kulinyoosha mara kumi.

Mimi shule nilikwenda siku moja, siku ya pili shambani kupunguza miche ya bitiruti za sukari, ndivyo ilivyokuwa vijijini Jutland utotoni mwetu. Kwa hiyo mambo ya hadubini nisingeyajua. Regnar ndiye aliyenifundisha, mezani pangu, siku moja ya Jumapili Asta bado yuko hai. Alichukua vipande viwili vya mkate mweusi akaviweka sambamba, akaacha ufa katikati.

"Maren, hii ndiyo kaakaa yako," akasema. "Mfupa wa kulia, mfupa wa kushoto. Katikati hapa ni mshono."

"Kaakaa yangu haina ufa."

"Ya kila mtu inao, akiwa mdogo."

Akachota kabichi nyekundu kwenye bakuli, akaupanga uzi mmoja mmoja kutoka mkate huu kwenda mkate ule. Hizo ni nyuzi, akasema, ndizo zinazoshika pande mbili zisiachane. Kisha akaomba zabibu kavu. Akazipanga kwenye kingo za mkate, moja baada ya nyingine, kama sisi tulivyopangwa kwenye matuta. Hizo ni seli za kujenga. Zinakaa ukingoni mwa mfupa zikitoa ute, na ute ule, akasema huku akilipakaza kwa kisu ini langu la kusaga nililolitengeneza kwa wageni, ute ule baadaye unaingia chokaa, unakuwa mfupa. Zabibu nyingine akazichovya ndani ya ini mpaka zikapotea.

"Na hizo umezizika za nini?" Asta akamuuliza.

"Hizo zimejizika zenyewe ndani ya kazi yao. Zinabaki humo, zinalinda."

"Kama wewe na chuo chako," Asta akasema, na sote tukacheka, Regnar pia.

Akaweka na kipande cha bitiruti ya siki, kikubwa. Huyo ni mlaji. Ana viini vingi ndani ya mwili mmoja, kazi yake kuula mfupa pale unapotakiwa kupisha. Na katikati ya kabichi akanyunyiza punje za bizari, akasema hizo ni seli ambazo bado hazijaamua ziwe nini. Zinasubiri. Ukiuvuta mshono, nyuzi zinakazika, na zile zinazosubiri zinaamka, zinazaana, zinakuwa wajenzi, zinakimbilia ukingoni kuziba ufa. Hivyo ndivyo kaakaa nyembamba inavyopanuliwa. Huongezi mfupa kwa mkono wako. Unavuta tu, wao wanajenga.

"Na mtu akizeeka?"

Akavisukuma vile vipande vya mkate mpaka vikagusana na ini likafurika juu. "Mkate unakuwa mmoja. Kwanza kingo zinaota meno, zinaingiana kama vidole vya mtu anayesali. Halafu hapa na pale mfupa unavuka. Ukishavuka, utavuta mpaka kiama, zile zinazosubiri hazitasikia."

Kisha akaula ule mkate wote na kabichi yake. Nayasema haya mjue kwamba mtu huyu hakuwa mbabaishaji.

Asta alikwenda hospitali kutolewa mawe ya nyongo. Kitu kidogo, kila mtu hutolewa. Alilazwa kwa dawa ya usingizi, na moyo wake haukurudi. Madaktari walieleza, Regnar akasikiliza, akawashukuru. Mjukuu wao Sidsel alikuwa mtoto mdogo, alikuwa amemchorea bibi yake kadi ya kumkaribisha nyumbani, na kadi ile ilibaki imesimama dirishani mpaka jua likaila rangi. Tangu hapo katika ukoo ule mtu hasemi neno "kulazwa" bila mwenzake kumgusa bega anyamaze.

Huyu Sidsel ndiye wanayemsema kwenye ngazi. Binti wa Grethe, na Grethe ndiye mtoto pekee wa Regnar. Grethe anapika kwenye jiko la nyumba ya wazee, zamu za jioni, kwa hiyo mtoto alikuwa akitoka shule anakuja kwa babu yake, na babu akiwa bustanini na mboga zake za liki anakuja kwangu. Alikuwa na kinywa chembamba tangu mwanzo. Kaakaa yake ilipanda juu kama paa la kanisa, meno ya juu yalikaa ndani ya yale ya chini upande wa kushoto, na kidevu kikaanza kufuata upande huo. Alilala mdomo wazi akikoroma kama mvuta tumbaku. Wenzake walimwita "mzee Bundgaard", na yeye aliwajibu kwamba mzee Bundgaard angalau ana nyumba.

Alipokuwa karibu na kipaimara, daktari wa meno wa shule akasema wakati umefika. Kifaa kigandishwe kwenye meno ya juu, chenye skrubu katikati, na nyumbani waizungushe kidogo kidogo kwa ufunguo. Meno mawili ya mbele yataachana, pengo litatokea, msiogope, ndiyo dalili kwamba mshono umefunguka. Baadaye yatarudi yenyewe.

Sidsel alilia. Si maumivu yaliyomliza. Kipaimara kilikuwa masika ile, gauni jeupe limeshashonwa, mpiga picha ameshaahidiwa, na wageni wanatoka mpaka kisiwani Mors. Asimame mbele ya kanisa na pengo linalopitisha kidole, asome sala yake kwa kithembe? Mnajua nyumba zetu. Picha ya kipaimara inakaa juu ya runinga mpaka mtu anazikwa.

Grethe akapanda kwa baba yake, nami nilikuwa pale nimeleta keki.

"Baba, wewe unayajua haya. Tungoje au tusingoje?"

 Regnar alimwita mtoto dirishani, akamfungua kinywa, akatazama juu kwa muda. Kisha akasema, "Mwacheni apate kipaimara chake. Nimekata kaakaa za wasichana wa miaka kumi na saba, wa kumi na nane. Mshono uko wazi. Umejipinda, lakini uko wazi, nyuzi zinaonekana, seli zimekaa zinasubiri. Nimeziona kwa macho yangu."

Nani angembishia? Daktari wa shule alisema angependa mapema, lakini hakugombana. Kwetu watu hawagombani na mtu kwa sababu ya kungoja. Wakangoja. Kipaimara kikapita, picha ikatoka nzuri, mdomo umefungwa. Mwaka uliofuata Sidsel akaenda shule ya bweni kule Thy, kama vijana wote, kuimba na kucheza mpira wa mikono na kupenda watu wasiofaa, na huko hakuna wa kuzungusha ufunguo. Wakangoja tena. Aliporudi alikuwa na miaka kumi na saba, kidevu kimekwenda upande zaidi, na chakula anatafuna kulia tu.

Hapo wakaanza.

Kifaa kikagandishwa. Grethe yuko zamu, kwa hiyo ufunguo alipewa Regnar, na kila jioni baada ya chakula walishuka wote wawili kwangu, kwa sababu taa ya jiko langu ni kali na kwa sababu, niseme ukweli, mkono wa Regnar ulikuwa unatetemeka. Mkono ule uliokata ngozi ya kitunguu. Mbele ya kinywa cha mtoto ulitetemeka kama wa mlevi.

"Maren, shika hiyo tochi sawasawa. Si mshumaa wa kanisani."

"Tochi imetulia. Ufunguo ndio unaocheza ngoma."

"Msigombane ndani ya mdomo wangu," Sidsel akasema, ila kwa kile kifaa maneno yalitoka yamelowa mate, tukacheka sote watatu.

Anaingiza ufunguo, anausukuma nyuma. Sidsel anashika ukingo wa meza, machozi yanamtiririka pembeni mwa pua. Halafu kahawa. Halafu Regnar anarudi na tochi kutazama meno mawili ya mbele kama yameachana.

Hayakuachana.

Mwanzo alisema ni mapema. Baadaye akasema mshono uliojipinda unachelewa, lazima nyuzi zikazike kwanza. Alieleza kila jioni, na kila jioni maelezo yalikuwa marefu zaidi. Sidsel akipita kwenye kioo cha ukumbini kwangu alisimama, akainua mdomo kwa kidole, akatazama. Mara moja nilimkuta ameingiza uzi wa kushonea katikati ya yale meno mawili, anauvuta aone kama unapita kwa urahisi kuliko jana.

"Unapita?" nikamuuliza.

"Unapita kama zamani, Bibi Maren."

Kilichokuwa kinamsumbua sote tulikijua, hatukukitaja. Daktari alikuwa amemwambia mapema kwamba mshono usipofunguka kwa kuvutwa, njia iliyobaki ni kukata mfupa kwa msumeno, naye amelala kwa dawa ya usingizi. Alilisema taratibu, kwa upole. Lakini msichana yule alikuwa na bibi aliyelala kwa dawa ile.

Jioni moja Sidsel alikaa, akafungua kinywa, Regnar akatazama muda mrefu mno. Niliona uso wake. Nimekaa chini ya mtu yule miaka, najua anapotafuta uongo.

"Naona kama..." akaanza.

Sidsel akautoa mkono wa babu yake kinywani. "Babu, usinidanganye. Danganya watu wengine."

Regnar akaweka tochi mezani. "Sioni kitu," akasema.

"Haya. Zungusha."

Akazungusha. Sidsel akapiga kelele ambayo sijaisikia kwake, akashika mashavu, pembeni mwa pua na chini ya macho. Alipotulia akasema maumivu yapo pande zote, kwenye meno, kwenye mashavu, mpaka masikioni. "Ila huku nyuma," akasema, akagusa kwa ulimi, "huku hakuumi kabisa. Ni kama ukuta. Babu, zile za wasichana ulizokuwa unakata, nyuma kulikuwaje?"

"Nyuma wapi?"

"Nyuma. Karibu na koo."

Regnar akauweka ufunguo mezani. Nilikuwa namimina kahawa, nikaacha.

"Nyuma haikuwa yangu," akasema. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa. "Kipande kikifika tulikigawa. Mimi nilikuwa nakata mbele. Nyuma ilikwenda chumba cha pili."

"Na chumba cha pili walionaje?"

"Sikuuliza. Kila mtu alikuwa na kipande chake."

Ndiyo hivyo. Mtu amekata miaka yote ile, kwa uangalifu ambao hamjauona, na kila alichokikata kilikuwa cha mbele. Mshono huanza kufunga kutoka nyuma. Haya tumeyajua sasa, daktari alitueleza wiki ile ile, na wala hakushangaa. Alisema msichana mmoja hufunga mapema na mwingine huchelewa, na kutoka nje hakuna anayeweza kujua kwa hakika. Alisema hata miaka ile ya kipaimara pengine ingefaa, pengine isingefaa. Lile neno "pengine" Regnar alitoka nalo pale akalibeba mpaka nyumbani, na bado analo.

Wakapima. Mfupa haukuachana hata kidogo. Meno ndiyo yaliyokuwa yanalalia nje, yanasukumwa kwenye shavu, na fizi zimeanza kurudi juu. Daktari akasema tunaacha, tukiendelea tutang'oa tusichotaka kung'oa. Kifaa kikatolewa.

Grethe alikuja usiku ambao hakuwa na zamu, akakaa jikoni kwa baba yake, nami nilisikia yote kupitia mbao. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Baba, wewe ndiye uliyesema tungoje."

"Ndiyo mimi."

"Nilikuuliza wewe badala ya daktari."

"Najua, mwanangu."

Kisha ile saa yake isiyokwenda sawa ikagonga saa ambayo haikuwepo.

Sasa wale wa kwenye ngazi wanasema ujuaji. Mimi nawauliza, nani kati yenu ameijua kazi yake kuliko yeye, na nani kati yenu amewahi kuuliza chumba cha pili wanafanya nini? Mimi nimepunguza bitiruti miaka kumi na mbili na sijawahi kuingia kiwandani kuona sukari inavyotoka. Hakuna aliyenicheka.

Lakini hilo halimsaidii mtoto. Daktari wa msumeno yupo, foleni ipo, akitaka ataitwa. Sidsel alikuja kwangu na babu yake, saa ileile ya kawaida, kwa sababu hawakujua waende wapi saa ile, wala mimi sikujua niwape nini zaidi ya kahawa na mkate mweusi. Sidsel aliutafuna upande wa kulia.

"Babu, wewe unasemaje? Niende au nisiende?"

Regnar alitazama mikono yake. "Mimi sisemi tena."

"Usinifanyie hivyo. Sema lolote."

"Nikisema nenda, namwona Asta. Nikisema usiende, nakuona wewe, mwaka hadi mwaka, na taya hilo. Nilisema mara moja, Sidsel. Tazama."

"Kwa hiyo unaniachia peke yangu."

"Sikuachii. Sina cha kukupa tu."

Msichana akanigeukia mimi, kana kwamba mimi najua. Nikasema kweli, sijui. Mimi ambaye nina la kusema juu ya kila mtu katika jengo hili. Nikamwongezea siagi kwenye mkate ambao hakuuomba.

Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Regnar alikuwa amekuja na tochi mfukoni, kwa mazoea, na ilikuwa imevimbisha koti lake. Sidsel akaiona. Alifikiri kidogo, kisha akasogeza kiti chake chini ya taa, akaegemeza kichwa nyuma, akafungua kinywa.

"Angalia basi," akasema.

"Nini cha kuangalia? Hakuna kifaa."

"Angalia tu, Babu. Umezoea."

Nikaichukua tochi mfukoni mwake nikawasha, kwa sababu yeye hakusogea. Akainama. Safari hii mkono haukutetemeka, haukuwa na kitu cha kufanya. Alipitisha kidole katikati ya kaakaa ile, taratibu, kutoka meno ya mbele kwenda nyuma mpaka Sidsel akatapatapa kidogo, akarudi nacho mbele.

"Unaona nini?" Sidsel akauliza huku kidole kimo.

"Wale wajenzi wamejenga vizuri," Regnar akasema. "Hawakungoja kipaimara."

Akatoa kidole, akakifuta kwenye suruali. Sidsel alibaki amefungua kinywa chini ya taa yangu, hakufunga, nami niliendelea kushika tochi kwa sababu hakuna aliyeniambia nizime.